NANI KAWAAMBIA KISWAHILI HAKIUZI?

Fundisho la wimbo wa Kiromania ulioivuka Ulaya mwaka 2004

Mwezi uliopita vijana sita wa tawi letu walichanga fedha zao, shilingi kwa shilingi, wakaenda studio kurekodi wimbo. Vijana hawa tunawajua. Mmoja anauza samaki, wawili ni mafundi cherehani, mmoja ni utingo wa basi, na wawili hawajapata kazi. Wimbo wao ni wa kucheza, na maneno yake ni ya Kiswahili. Umekwisha kuimbwa katika harusi tatu za mtaa, na katika harusi zote tatu wazee waliokuja na fimbo waliziweka fimbo chini wakacheza.

Bwana wa studio aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akawaambia: "Mdundo ni mzuri, na sauti ni nzuri. Lakini maneno haya badilisheni, tieni Kiingereza. Kiswahili hakiuzi. Hakivuki maji."

Vijana wakarudi vichwa chini. Hivi sasa wanatafuta mtu wa kuwatungia maneno ya Kiingereza, lugha ambayo wanne kati yao hawawezi hata kuulizia njia kwayo.

Ndugu wasomaji, tulipopata habari hii hatukushangaa, bali tuliona uchungu. Hatukushangaa kwa sababu maneno ya bwana huyu si yake. Ameyapokea, kama wengi wetu tulivyoyapokea. Sisi tuliosomea ualimu tunayakumbuka vizuri. Mwanafunzi aliyejibu swali sawasawa kwa Kiswahili aliambiwa aketi chini. Mwenziwe aliyekariri sentensi ya Kiingereza asiyoijua maana alipigiwa makofi. Ndiyo kasumba yenyewe hiyo. Haimlazimishi mtu kwa bunduki. Humfanya achukie mdomo wake mwenyewe, kisha humwacha aende zake akidhani yu huru.

Bwana wa studio hatutamjibu kwa matusi, maana matusi si hoja. Wala hatutamjibu kwa kujisifu. Tutamjibu kwa ushahidi. Na ili asije mtu akasema tunapendelea cha kwetu, ushahidi wetu tunautoa Ulaya, kule kule anakosema wimbo wa Kiswahili hauwezi kufika.

WATOTO WA NCHI NDOGO

Kati ya Romania na Ukraine iko nchi iitwayo Moldova. Ni nchi ndogo, isiyo na bahari, nayo ni miongoni mwa nchi maskini za Ulaya. Mji wake mkuu ni Chișinău. Wenyeji wengi wa huko husema Kiromania, sawasawa na jirani zao wa Romania.

Mwaka 1940 Urusi ya Kisovieti iliitwaa nchi hiyo, na baada ya vita kuu ya pili ikaishika kabisa. Watawala wakawaambia wenyeji kwamba lugha yao si Kiromania tena, bali ni lugha nyingine iitwayo Kimoldova. Wakaamuru iandikwe kwa herufi za namna ya Kirusi, tofauti na zile za Kilatini walizotumia ndugu zao ng'ambo ya mto. Mtu aliyetaka kupanda cheo alijua kwamba ngazi ni Kirusi. Lugha ya nyumbani ilibaki kuwa ya jikoni na shambani.

Je, wasomaji, hadithi hii mnaisikia kwa mara ya kwanza? Badilisheni majina tu, mtaona ni hadithi mnayoijua.

Lakini wale watu hawakukubali daima. Mwezi wa Agosti 1989 walijaa katika uwanja mkuu wa Chișinău, maelfu kwa maelfu, wakidai lugha yao. Tarehe 31 Agosti 1989 sheria ikapitishwa: lugha yao ikawa lugha ya taifa, na herufi za Kilatini zikarudi. Miaka miwili baadaye, tarehe 27 Agosti 1991, nchi ikatangaza uhuru. Mpaka leo tarehe 31 Agosti ni sikukuu ya lugha katika Moldova. Na mwezi wa Machi 2023 Bunge lao lilipitisha kwamba katika sheria zote za nchi lugha hiyo iitwe kwa jina lake, Kiromania.

Tuwaulize wanaosema lugha ni jambo dogo: watu hawa walidai lugha kwanza, na uhuru ukafuata. Walikuwa wajinga?

Sheria ile ilipopitishwa, mtoto mmoja wa Chișinău alikuwa na umri wa miaka 10. Jina lake Dan Bălan, aliyezaliwa 1979. Mtoto huyu ndiye aliyekuja kutunga wimbo tunaotaka kuueleza.

WIMBO ULIVYOTOKA

Bălan na mwenziwe walianzisha kundi la muziki likaitwa O-Zone, na mwaka 1999 wakatoa albamu yao ya kwanza kwao Moldova. Mwenziwe yule akaacha. Bălan akatafuta vijana wengine, akawapata Arsenie Todiraș na Radu Sârbu. Sasa wakawa watatu.

Nchi yao ilikuwa na watu wasiozidi milioni 4. Soko lilikuwa dogo na fedha haikuwepo. Wangefanya nini? Bwana wetu wa studio angewashauri wajifunze Kiingereza upesi. Wao mwaka 2002 walivuka mpaka wakaenda Bucharest, mji mkuu wa Romania, wakaimba kwa lugha ile ile waliyozaliwa nayo. Mpaka ule waliwekewa na wakubwa wa dunia, lakini lugha haikuuona. Lugha ikawa daraja, na kutoka soko la watu wachache wakaingia soko la watu zaidi ya milioni 20, bila kubadili neno.

Hapa kwetu tunaye mfano wake. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, katika Kongo, akafika Dar es Salaam mwaka 1978, na kwa Kiswahili akawa mwimbaji wa watu wote, hata wengi wakasahau kwamba alitoka ng'ambo ya ziwa. Lugha ilimvusha na muziki wake ukapata nyumba.

Turudi Bucharest. Mwaka 2003 O-Zone wakatoa wimbo uitwao "Dragostea din tei". Ulitolewa peke yake, yaani singo, kama wasemavyo wanamuziki, na ukaingia katika albamu yao iitwayo "DiscO-Zone". Maneno na sauti yake ni kazi ya Bălan. Dragostea maana yake ni mapenzi, na tei ni mti wa maua yenye harufu nzuri unaopendwa sana katika nchi zile. Kijana anampigia simu mpenzi wake, anajiita haiduc, anamwomba asiondoke akamwacha. Haiduc ni nani? Ni yule mwasi wa msituni wa hadithi za kale za huko, aliyewanyang'anya matajiri na kuwakimbia askari wa watawala.

Tunawaomba wasomaji walitazame neno hilo. Bălan hakuchukua shujaa wa sinema za Marekani. Alichukua mtu wa hadithi za bibi yake, akampa simu ya mkononi, akamtia katika ngoma ya mashine. Mdundo ulikuwa wa kisasa kabisa, wa dansi za vilabu vya usiku, nao ulibeba maneno ya nyumbani. Na mwanzoni mwa wimbo akaweka silabi zisizo na maana katika lugha yoyote, ambazo mtoto wa nchi yoyote angeweza kuzishika kwa siku moja. Katika picha ya sinema ya wimbo huo wale vijana watatu wanacheza juu ya bawa la ndege. Wakati ule ilikuwa picha ya mchezo tu. Baadaye ikawa kweli, maana wimbo uliruka.

WIMBO ULIVYOVUKA MAJI

Mwaka ule ule wa 2003 wimbo ukashika nambari 1 katika Romania. Ungeweza kuishia hapo, kama nyimbo nyingi zinavyoishia.

Lakini katika Italia alikuwako mwanamke mzaliwa wa Romania, Paula Mitrache. Alijiita Haiducii, neno lile lile la waasi wa msituni. Mwanzoni mwa 2004 aliuimba upya wimbo ule kwa sauti yake akautoa huko Italia, nao ukashika nambari 1. Wenye wimbo walikuwa bado wako mlango wa nyuma, na wimbo wao umekwisha kuketi sebuleni kwa jina la mwingine.

Jambo hili lina mafunzo mawili, na yote mawili ni makubwa.

La kwanza: mchelewa kufunga mlango asishangae kukuta kiti chake kimekaliwa. Tutalirudia mwishoni.

La pili ndilo linalomhusu bwana wa studio. Haiducii alipouchukua wimbo ule kuwaimbia Waitaliano, aliuimba kwa lugha gani? Kwa Kiitaliano? La. Kwa Kiingereza? La hasha! Aliuimba kwa Kiromania. Alikuwa na nafasi yote ya kubadili maneno, katika nchi yenye lugha yake tukufu ya nyimbo, lakini hakubadili. Alijua kwamba utamu uko mle mle katika maneno yale. Mtu anayetaka kuuza hachukui bidhaa akaacha kilicho bora ndani yake.

Baada ya hapo wenye wimbo nao wakatoka kwa miguu yao. Katika majira ya joto ya 2004 O-Zone wakashika nambari 1 katika Ujerumani kwa muda wa wiki 14. Katika Ufaransa wakakaa nambari 1 kwa wiki 15. Ufaransa hiyo, ndugu zetu, ndiyo nchi yenye sheria ya kuzilazimisha redio zake kupiga nyimbo za Kifaransa kwa kiasi maalumu, kwa sababu Wafaransa wanaijua thamani ya lugha kuliko sisi. Hata huko Kiromania kikapita.

Na Uingereza? Huko ndiko kwao Kiingereza, ambako twaambiwa hakuna mlango kwa asiyekijua. Mwezi wa Juni 2004 wimbo huu wa Kiromania ukafika nambari 3 katika orodha ya nyimbo zilizouzwa sana. Waingereza wenyewe, katika maduka yao wenyewe, walitoa pauni zao kununua maneno wasiyoyaelewa. Basi tunamwuliza bwana wa studio: ikiwa Mwingereza hakudai Kiingereza, wewe unakidai kwa niaba ya nani?

Wimbo haukuishia hapo. Mwaka 2005 albamu yao ilishika nambari 1 katika Japani, na Wajapani wakafurahi kwa kuyasikia maneno ya Kiromania kama kwamba ni maneno ya Kijapani. Mwaka 2008 sauti yake ilitiwa katika wimbo wa T.I. na Rihanna uitwao "Live Your Life", ukashika nambari 1 katika Marekani, na jina la Bălan likaandikwa miongoni mwa watunzi. Mwaka 2024 David Guetta na kundi la OneRepublic wakaitumia sauti ile ile tena. Kundi lenyewe la O-Zone lilivunjika mwaka 2005, lakini mti wa tei ungali unatoa maua.

Maneno ya Kiingereza nayo yalitungwa kwa ajili ya wimbo huu, na mwimbaji wa Marekani akayaimba. Ni nani leo anayeyakumbuka? Ukiuanza wimbo huu katika harusi ya Madrid au ya Berlin, watu wataitikia kwa Kiromania.

HOJA ZA WAPINZANI

Sasa twende kwenye hoja, maana tunazijua zitakazoletwa.

Hoja ya kwanza watasema: "Wale wasikilizaji hawakuyaelewa maneno. Walicheza tu. Kwa hiyo lugha haikuwa na kazi yoyote."

Tunawashukuru kwa hoja hii, maana inawaangusha wao. Ikiwa msikilizaji wa ng'ambo anacheza bila kuelewa, basi hana haja ya mwimbaji kubadili lugha. Atacheza kwa Kiswahili kama alivyocheza kwa Kiromania. Anayelazimika kuelewa ni nani? Ni mwimbaji. Yeye ndiye anayepaswa kujua wapi neno linauma na wapi linachekesha, wapi avute pumzi na wapi aliachie neno lianguke. Mpe maneno asiyoyajua, atayatamka kama mtu anayesoma tangazo la gari moshi. Sauti itakuwepo, lakini mtu hayumo. Vijana wetu sita wakiimba Kiswahili ni wao. Wakiimba Kiingereza cha kuazima watakuwa nakala mbaya ya watu wengine, na hakuna anayenunua nakala mbaya wakati mwenyewe yupo dukani.

Hoja ya pili watasema: "Lakini hao hao Waromania baadaye waligeukia Kiingereza. Inna alitoka na 'Hot' mwaka 2008. Edward Maya na Vika Jigulina walitoka na 'Stereo Love' mwaka 2009. Alexandra Stan alitoka na 'Mr. Saxobeat'. Zote ni za Kiingereza, na zote zilifika mbali."

Ni kweli, wala hatufichi. Ukweli hauogopi mwanga. Lakini tazameni mambo mawili. Kwanza, nyimbo hizo zilipikwa Romania, na watu wa Romania, katika studio za Bucharest na za mji wa bandari wa Constanța. Walikuwa na chungu chao na moto wao. Kiingereza kilikuwa kiungo walichochagua wao. Kijana wetu aliyeambiwa na bwana wa studio hakuchagua. Aliamriwa. Mtu anayekijua Kiingereza na kutaka kuimba kwa Kiingereza, na aimbe, hatumzuii. Tunachokikataa ni kumwambia asiyekijua kwamba bila hicho si mtu.

Pili, nyimbo hizo zilipita mahali palipokwisha kufyekwa. Kabla ya 2004 wenye makampuni wa Magharibi hawakuwa na desturi ya kutafuta nyimbo za dansi upande ule wa Ulaya. Aliyewaonyesha kwamba upande ule una kitu ni kijana wa Moldova aliyeimba kwa lugha ya mama yake. Njia ilifyekwa kwa panga la nyumbani. Waliokuja nyuma na viatu vya kuazima waliikuta tayari.

Hoja ya tatu ni ya wale wanaojifanya wenye huruma: "Kiswahili ni lugha ndogo, tunawaonea huruma vijana."

Hebu tuhesabu. Kiromania husemwa na watu wapatao milioni 25, wengi wao katika Romania na Moldova. Kiswahili, kwa hesabu ya UNESCO, husemwa na watu zaidi ya milioni 200. Mwaka 2021 shirika hilo hilo la dunia lilitangaza tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili. Sasa ni lugha ipi iliyo ndogo? Aliye na milioni 25 alivuka bahari akiwa kifua mbele. Aliye na milioni 200 anaona haya kuvuka barabara. Lugha yetu haina udogo wowote. Kilicho kidogo ni moyo wa wale wanaoisimamia.

Na wala si kweli kwamba Kiswahili hakijapata kuvuka maji. Mwaka 1982 Them Mushrooms wa Mombasa walitoa "Jambo Bwana". Haukupita muda Boney M., kundi lililokaa Ujerumani, wakauimba. "Malaika" umeimbwa na Miriam Makeba mbele ya mataifa, wala hakuutafsiri. Maji yamekwisha kuvukwa, mabwana! Nyinyi mmesimama ufukoni mnawaambia watu kwamba hakuna mashua, na mashua zimekwisha kwenda na kurudi.

FUNZO LA MLANGO

Tulisema tutalirudia jambo la mlango. Sifa peke yake haijazi chungu.

Wimbo wa "Malaika" unajulikana dunia nzima, lakini mpaka leo watu wa Kenya na Tanzania wanabishana ni nani aliyeutunga kwanza, na wengine waliotajwa walikufa bila kuona faida yake. Kwa nini? Kwa sababu haukuandikwa mapema kwa jina la mwenyewe. Bălan, hata baada ya wimbo wake kutangulia Italia kwa sauti ya mwingine, alibaki kuwa mtunzi katika karatasi. Ndiyo sababu mwaka 2008 Marekani ilipotaka sauti ile, jina lake lilikuwamo. Karatasi ile ndiyo panga la haiduc wa siku hizi.

Kwa hiyo tunawaambia vijana wetu: imbeni kwa lugha yenu, na kabla hamjaupeleka wimbo sokoni uandikisheni katika ofisi ya hakimiliki. Andikeni ni nani aliyetunga maneno, ni nani aliyetunga sauti, na kila mmoja wa wale sita fungu lake ni kiasi gani. Msitie sahihi mkataba msioweza kuusoma. Ukiletwa mkataba wa Kiingereza, ombeni wa Kiswahili. Mwenye nia njema hatakataa. Udugu bila maandishi huvunjika siku fedha inapoingia mlangoni.

Kwa wenye redio na studio tunasema hivi. Nyinyi si adui zetu. Ni watoto wa nchi hii, na mnakula kutokana na masikio ya wananchi. Masikio hayo yanasikia Kiswahili asubuhi sokoni, mchana kazini na usiku nyumbani. Mnapomwambia kijana kwamba lugha hiyo haiuzi, mnamwambia kwamba wateja wenu wenyewe si watu. Acheni jambo hilo. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kama wimbo ni mbaya semeni ni mbaya. Kama ngoma ni hafifu semeni ni hafifu. Msisingizie lugha.

Na kwa wanachama wenzetu tunasema: tusiwe watu wa kupiga makofi mkutanoni na kununua kwingine. Ni mara ngapi mmoja wetu amesimama kuitukuza lugha ya taifa, kisha harusi ya mwanawe ikapigwa nyimbo za kigeni tangu magharibi mpaka alfajiri? Mtoto hafundishwi na hotuba ya baba yake. Hufundishwa na anachokiona baba yake akikilipia.

NENO LA MWISHO

Vijana watatu walitoka katika nchi ambayo miaka michache kabla ilikuwa imenyimwa hata herufi zake. Hawakuwa na fedha, hawakuwa na jina, hawakuwa na lugha ya wakubwa. Walikuwa na wimbo mzuri na lugha ya mama zao. Ulaya nzima ikacheza.

Vijana wetu sita wana wimbo mzuri. Tumeusikia kwa masikio yetu. Hatuwezi kuapa kwamba utafika Paris au Tokyo. Hakuna awezaye kuapa hivyo kwa wimbo wowote, wa lugha yoyote. Lakini tunaweza kuapa kwamba ukifika, utafika ukiwa wao. Na usipofika, utakuwa umebaki kwao, ukiimbwa na watu wao, wala hautakuwa yatima asiyejulikana huku wala huko.

Kwa hiyo tawi limeamua. Jumamosi ijayo, baada ya mkutano, kikapu kitapita. Atakayekuwa na shilingi mia na alete, na atakayekuwa na elfu na alete. Fedha ikitimia vijana watarudi studio, na maneno yatakuwa yale yale waliyoyaimba harusini. Bwana wa studio akikataa, studio ziko nyingi. Akikubali, tutampa mkono, na tutamkaribisha katika harusi ya nne ayaone mwenyewe yale tunayoyaona sisi: wazee wakiziweka fimbo zao chini.

Mwacha asili ni mtumwa. Nasi utumwa tumekwisha kuukataa mara moja. Hatutaurudia kwa kujipeleka wenyewe.